Unapiga mbizi? Hivi ndo unavyoweza kuyalinda matumbawe

Wazamiaji wengi wakisikia kulinda matumbawe akili inaenda moja kwa moja kwenye kuokota plastiki au kupanda matumbawe mapya, na hayo ni mazuri kabisa, ila kabla ya hayo yote kuna kazi moja ambayo haina hata picha ya kuposti: kuelea vizuri chini ya maji, hupandi wala huzami, usiguse kitu. Kama hapo bado, anzia hapo, mengine yatafuata.

Manake tumbawe linaonekana kama jiwe lakini juu yake kuna ngozi nyembamba ya wanyama wadogo wadogo, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, na ndani ya miili yao kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho ambao unatumia mwanga wa jua kuwatengenezea sehemu kubwa ya chakula. Ukipitisha pezi la mguuni pale, au ukashika tu kidogo ujishikilie, ile ngozi inachubuka, na penye kidonda ndo ugonjwa unapopata njia. Halafu yale makubwa ya duara yanakua milimita chache, yakijitahidi sana kama sentimita 2 kwa mwaka, kwa hiyo ukikuta moja lina upana wa mita nzima ujue kuna uwezekano mkubwa lilikuwepo kabla hujazaliwa.

Sasa, kugusa kwingi hakutokani na ubaya wa mtu, kunatokana na risasi nyingi kiunoni, yani vile vipande vya madini mazito vya mkanda vinavyokusaidia kuzama. Ukibeba uzito kupita kiasi inabidi ujaze hewa nyingi kwenye jaketi (lile la kuzamia linalojazwa hewa) ili usizame, kifua kinavutwa juu, miguu inashuka, unaogelea umesimama mshazari na kila teke linaenda chini kwenye matumbawe. Pima hivi: mwisho wa dive, tangi likiwa limebaki kama bar 50 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), kaa juu ya maji, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishikilie kidogo bila kupiga miguu. Maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uanze kushuka taratibu. Ukishuka kama jiwe punguza. Ukipima mwanzoni tangi likiwa limejaa kumbuka kuongeza kama kilo 2, kwa sababu hewa nayo ina uzito, tangi la lita 12 lenye bar 200 limebeba karibu kilo 3 za hewa na nyingi utaitumia.

Uzito ukishakaa sawa, lala flati, magoti yakunje kidogo, mapezi yawe juu, piga teke la chura badala ya lile la juu chini. Kupanda na kushuka kidogo kidogo tumia mapafu, sio kitufe cha jaketi. Geji ya kusomea hewa iliyobaki na ile regyuleta ya akiba, yani kifaa cha mdomoni cha kupumulia, zibane kifuani kwa klipu, zikining'inia zinakwangua kila unapopita na wewe hata huhisi. Mchanga nao usiudharau, ukiutimua unatua juu ya matumbawe, unaziba mwanga na yanatumia nguvu nyingi kuutoa, kwa hiyo hata pale chini penye mchanga mtupu usipige mateke ovyo.

Wenye kamera, hapa naongea na nyie kabisa. Kamera inakula akili yote, mtu anamwona samaki mdogo kajificha kwenye tawi, anasogea, anaweka mkono hapa, goti pale, na anatoka na picha nzuri huku nyuma yake matawi yamevunjika. Kama huwezi kutulia dakika nzima bila kamera, iache kwenye boti kwanza. Picha isipopatikana bila kujishikilia, achana nayo.

Samaki usiwalishe. Pono kwa mfano kazi yake ni kula mwani unaoota juu ya miamba, ukimzoesha mkate anaacha kazi ambayo matumbawe yanaitegemea. Kombe na vipande vya matumbawe viache hukohuko, hata vilivyokufa.

Kwenye jua vaa nguo ya mikono mirefu, utahitaji krimu ya kuzuia jua kidogo tu usoni. Na hiyo krimu soma lebo, kemikali za oksibenzoni na oktinoksati uziepuke, nchi ya visiwa ya Palau walizipiga marufuku 2020 na Hawaii wakazuia kuziuza 2021.

Kabla ya kulipia dive uliza boti inafungwa wapi. Jibu unalotaka ni boya la kudumu, kwa sababu nanga moja ikiburutwa inaweza kuvunja kuliko wazamiaji wa siku nzima. Wakikujibu hovyo tafuta wengine, hela yako ndo inawafundisha. Waulize pia kama wako kwenye Green Fins, mpango wa kampuni za kupiga mbizi ulioanzishwa 2004 kwa ajili ya kupunguza madhara kwa matumbawe.

Taka okota, lakini iangalie kwanza: chupa iliyoota matumbawe au yenye pweza ndani iache. Nyavu zilizonasa usizivute hata siku moja, zinakatwa kipande kipande na watu waliofunzwa, ukivuta unang'oa na matumbawe yenyewe na unaweza kunasa wewe.

Na ukishaelea vizuri, toa macho yako kwa sayansi. CoralWatch, mradi wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia, wana kadi ya rangi yenye namba 1 mpaka 6, unaisogeza karibu na tumbawe bila kuligusa, unaandika namba ya sehemu iliyopauka zaidi na ya iliyokolea zaidi. Hiyo ni data kweli, hasa baada ya Aprili 2024 ilipotangazwa kwamba dunia iko kwenye kupauka kwa nne kwa matumbawe kunakosababishwa na joto la bahari. Ukikuta tumbawe jeupe usidhani limekufa, limefukuza ule mwani wake na linaweza kupona maji yakipoa mapema. Piga picha, andika tarehe, kina na joto la maji kutoka kwenye kompyuta yako ya kuzamia ya mkononi, watumie CoralWatch, na ukipata nafasi rudi palepale baada ya wiki kadhaa upime tena.