Jinsi ya Kutafsiri kwa Sauti Anime ya Makuruta wa Roboti

Ukitaka kuwatafsiria vijana kwa sauti, picha ikiendelea, anime (katuni) ya Kijapani inayohusu wanafunzi wanaofundishwa kuendesha maroboti makubwa, weka nguvu zako kwenye kwata kabla ya kuziweka kwenye vita. Watafsiri chipukizi wengi niliowasikiliza hapa Dar es Salaam huhifadhi sauti kwa ajili ya mapambano, wakayapita haraka mabweni, mazoezi na makaripio ya wakufunzi, kisha wakashangaa kwamba roboti linapovunjwa mkono hakuna mtazamaji anayesikitika. Mtazamaji hasikitiki kwa sababu hakuambiwa ni nani amekaa ndani ya roboti hilo, ana umri gani, na jana usiku aliadhibiwa kwa kosa gani.

Mimi hutafsiri sebuleni, Tandika, Jumamosi alasiri, kwa watoto wa dada yangu na wenzao wa jirani, bila kiingilio. Anayetaka kuonyesha hadharani, kwa kulipisha au bila kulipisha, anapaswa kwanza kupata idhini ya mwenye haki za kazi hiyo na kufuata taratibu za Bodi ya Filamu. Nalisema mapema kwa kuwa ufundi wote ninaoueleza hapa ni wa bure, lakini kazi ya wachoraji wa Japani si mali yetu.

Kwa kuanzia napendekeza Toppu o Nerae!, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Gunbuster, iliyoongozwa na Hideaki Anno katika studio ya Gainax na kutolewa kati ya mwaka 1988 na 1989. Ina sehemu sita tu, kwa hiyo mtafsiri mgeni anaweza kuimaliza kabla ya kuchoka, na sehemu yake ya kwanza inatokea katika shule ya marubani wasichana huko Okinawa, ambako Noriko Takaya, ambaye baba yake alipotea angani, anaonekana na wenzake kuwa mzigo. Katika shule hiyo maroboti yenyewe hupiga pushapu na kukimbia kwa mstari uwanjani. Mtoto yeyote wa Kitanzania aliyewahi kukimbia mchakamchaka asubuhi shuleni analielewa tukio hilo mara moja, na kazi yako ni kulipa jina lake: sema mchakamchaka, usiseme mazoezi ya viungo. Kuna picha chache za utupu ambazo mimi huziruka, na ndiyo sababu nyingine ya kuitazama kazi yote peke yako kwanza.

Kwa wanafunzi wa sekondari, The Witch from Mercury ya mwaka 2022 na 2023 inafaa pia, kwa kuwa inatokea shuleni na ugomvi wa wanafunzi huamuliwa kwa maroboti mawili kupambana. Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979 ina sehemu 43, nami ningeiacha hadi kikundi chako kizoee; hata hivyo ni vizuri uifahamu, maana kijana wake, Amuro Ray, hakupitia kwata yoyote, bali aliingia ndani ya roboti akiwa na kitabu cha maelekezo mkononi, na tofauti hiyo ni somo zuri la kuwauliza watazamaji wako baadaye. Neon Genesis Evangelion, iliyoonyeshwa kwenye televisheni kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, iwekee wakubwa. Rubani wake ana miaka 14, lakini uchungu uliomo ndani yake haumfai mtoto wa umri huo anayetazama bila mtu mzima pembeni.

Sehemu moja ina takriban dakika 24, na ukitoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia hubaki kama dakika 21 za kazi. Itazame mara tatu kabla ya kuitafsiri. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili shika daftari na rimoti, uandike dakika na sekunde ya kila jambo ambalo mtazamaji akilikosa atapotea: jina jipya, amri, siri, mtu aliyenyamaza wakati alitakiwa kujibu. Mara ya tatu tafsiri kwa sauti ukiwa peke yako, mlango umefungwa, na utagundua kwamba nusu ya maneno uliyoyaandika hayana nafasi. Yaache. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaikumbuka sauti ya Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, na jambo ambalo wengi wetu tulilikosea tulipomuiga ni kudhani kwamba alisema kila kitu, ilhali sehemu kubwa ya ustadi wake ilikuwa kuchagua cha kusema.

Sasa tuje kwenye maneno, ambako ndiko kazi inakoharibikia. Maandishi ya chini huwa ni ya Kiingereza, na mtafsiri akiyafuata neno kwa neno hujikuta anatafsiri Kiingereza badala ya kutafsiri picha. Lakini sisi tunayo tayari lugha kamili ya vijana wanaofunzwa kwa amri, na vijana wengi wa mji huu wanaijua kutoka kwa kaka na dada zao waliokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) baada ya kidato cha sita. Mwanafunzi wa urubani ni kuruta. Mkufunzi ni afande, na kuruta akikutana naye asubuhi hamwamkii shikamoo kama anavyomwamkia mjomba wake, bali husimama wima na kusema “Jambo, afande!” Anayepokea amri kwenye redio hujibu “Nimepokea.” Mgeni wa shule anayetumwa na wakubwa kufagia bweni ni njuka, neno ambalo halihitaji maelezo kwa aliyesoma shule ya bweni hapa nchini. Kuhusu maneno ya Kijapani ya kumtambua mtu aliyekutangulia kusoma, mimi hutumia kaka au dada kisha jina, kwa sababu mwanafunzi wa miaka 15 hamwamkii shikamoo mwenzake wa miaka 17, lakini pia hamwiti kwa jina tupu.

Katika anime nyingine, Megami Kōhosei ya mwaka 2000, kila kijana anayefunzwa hupewa msichana wa kutengeneza roboti lake. Huyo ni fundi, basi. Nilimsikia mtafsiri mmoja akihangaika na jina refu la cheo chake kwa sekunde tano nzima, na msichana mwenyewe alikuwa ameshamaliza kufunga bolti.

Neno rubani linastahili uangalifu wa pekee. Leo tunalisikia zaidi kwa habari ya ndege, lakini katika mji wa bandari kama huu marubani wa meli bado wapo, wale wanaopanda meli kubwa nje na kuiongoza kwenye mlango mwembamba hadi gatini. Mimi humweleza mtoto hivyo kabla hatujaanza: mtu mmoja mdogo, chombo kikubwa kupita kiasi, na njia ambayo ukikosea kidogo huwezi kurudi nyuma. Akishalishika hilo, ataelewa kwa nini kuruta anatetemeka mikono akishika vile vishikio viwili. Tena uwe na msimamo kuhusu vitenzi. Mwaka 1963 roboti la Tetsujin 28 liliendeshwa na mtoto aliyekuwa nje na kifaa cha mkononi. Mazinger Z ya mwaka 1972 ndiyo iliyozoesha watazamaji kumwona kijana akikaa ndani ya kichwa cha roboti. Kwa la kwanza sema analiongoza. Kwa haya ya pili sema anaingia, anakaa, analiendesha, kwa sababu mwili wake nao umo hatarini.

Ukubwa nao utafsiriwe. Takwimu peke yake haisemi kitu: Gundam ya kwanza ina urefu wa mita 18, kwa hiyo mimi huwaambia waukumbuke mnazi mrefu kuliko yote wanaoujua, kisha wafikirie mnazi huo umegeuka kuwatazama. Wakiuliza kama kitu hicho kinaweza kujengwa kweli, waambie kwamba huko Yokohama lilijengwa moja la kimo hichohicho, lenye uzito wa tani 25 hivi, likasogeza mikono na miguu mbele ya watazamaji tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi Machi 2024, likiwa limeshikiliwa na nguzo mgongoni.

Kuhusu sauti, usiogope kwamba mdomo wa mchoro haulingani na maneno yako. Wachoraji wa anime mara nyingi hubadilisha picha mara nane tu kwa sekunde, na mdomo wa mhusika huchorwa katika hali tatu: umefungwa, umefunguka nusu, umefunguka wote, haukulingana sawasawa hata na Kijapani chenyewe. Unachotakiwa kulinganisha ni pumzi. Mhusika akivuta pumzi, nawe vuta. Na katika majina una bahati ambayo watafsiri wa lugha nyingi nyingine hawana, maana Kijapani, kama Kiswahili, hupenda kumalizia silabi kwa irabu, hivyo Noriko na Amuro hukaa mdomoni mwetu kama majina ya nyumbani. Yatamke kwa utulivu, wala usiyabadilishe kuwa Rehema na Juma ili kuchekesha.

Jambo gumu zaidi utakalokutana nalo katika Gunbuster ni muda. Chombo kinachokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga hupitisha muda polepole kuliko Dunia, kama alivyoonyesha Einstein, na kwa sababu hiyo Noriko anarudi akiwa bado msichana, wakati Kimiko, rafiki yake wa shule, ameshakuwa mama mwenye mtoto. Usianze kueleza fizikia wakati tukio linaendelea. Sitisha picha kabla halijafika, sema sentensi mbili, kisha uendelee. Mimi husema: “Huyu ametumwa safari ya miezi michache. Lakini huku nyumbani miaka kumi imepita, na hakuna aliyemdanganya.” Nilipoisema mara ya kwanza, mpwa wangu wa darasa la saba, ambaye baba yake ni baharia, aliacha kula karanga na kuuliza kama marafiki hao wawili wataamkiana kwa shikamoo sasa. Sikuwa nimelifikiria. Tangu siku hiyo, Noriko na Kimiko wanapokutana sitafsiri salamu yao. Ninawaacha watazamane, na watoto sebuleni huanza kubishana wenyewe kwa minong'ono.

Ukimya wa namna hiyo uandike kwenye daftari kama unavyoandika maneno, pamoja na dakika yake na urefu wake, kwa sababu mtafsiri akiwa na watu mbele yake huona aibu kunyamaza na hujaza nafasi kwa maneno yoyote. Sehemu ya sita karibu yote imechorwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na humo daftari langu lina mistari mitupu zaidi ya mistari iliyoandikwa.

Daftari hilohilo litakusaidia umeme ukikatika katikati. Usiwasimulie kilichobaki, hata wakikubembeleza; waache wabuni wenyewe gizani nani atapona. Umeme ukirudi, rudisha picha nyuma kwa dakika mbili, hadi mahali ambapo rubani bado hajafunga mlango wa chumba chake, na uanzie hapo.