Kupima ukinzani wa ardhi ili kufuata mwamba wa dhahabu

Haya nayaandika baada ya kumsaidia mchimbaji mdogo mmoja upande wa Geita, aliyetaka kujua duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, alishushe wapi. La kushika kwanza: kipimo hiki, cha jinsi ardhi inavyozuia umeme, hakioni dhahabu, maana dhahabu yenyewe ni kidogo mno kwenye mwamba. Tunasaka inavyoandamana navyo: kwatzi, inayopitisha umeme kwa shida, au salfaidi (madini yenye salfa) kama pairaiti, zinazoupitisha vizuri.

1. Mstari wa kupimia ukate uelekeo wa mwamba, usiufuate. Wenye maduara ya jirani watakuonyesha unakoelekea.

2. Pigilia vyuma vinne kwa nafasi sawa, mpango wa Wenner. Vya nje hupitisha mkondo, vya ndani husoma volti. Mimi huanza na huu daima. Daipoli-daipoli, mpango ambao jozi ya vyuma vya mkondo hukaa mbali na jozi ya vyuma vya volti, huonyesha vizuri zaidi miamba iliyosimama wima, ila volti zake ni ndogo, mashine dhaifu haizimudu.

3. Mguso wa chuma na udongo. Hapa ndipo siku nzima huliwa. Kiangazi, kokoto nyekundu hukauka, mkondo haupiti, namba zinarukaruka, watu wanalaumu mashine. Mwagia kila chuma maji ya chumvi, yaache yanywewe, kisha gongelea tena. Yasitiririke kutoka chuma hadi chuma, maana umeme utafuata njia ya maji. Usizamishe chuma zaidi ya moja ya ishirini ya nafasi: kwa mita 10, mwisho nusu mita. Bado haupiti? Kwenye chuma cha mkondo ongeza vingine viwili ubavuni, pembemraba na mstari, uviunge kwa waya. Soma, geuza mkondo, soma tena, chukua wastani. Masomo mawili yakipishana sana, rudi kwenye vyuma, usiandike kitu.

4. Kupata ukinzani, zidisha 2 × 3.14 × nafasi × (volti ÷ ampea). Milivolti 80 kwa miliampea 100, nafasi mita 10, ni takribani om-mita 50.

5. Sogeza vyuma vyote mbele. Ukimaliza mstari, rudia kwa nafasi pana zaidi. Kina unachosoma ni kama nusu ya nafasi.

6. Namba ndogo pekee isikuchimbishe. Mfinyanzi wenye maji na miamba ya grafaiti hutoa namba hizohizo. Pima mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Badiliko likijitokeza tena kwenye uelekeo wa mwamba, chimba mtaro mfupi juu yake, ponda mawe, uoshe kwenye karai kabla ya kushusha duara.