Kusasisha programu ya bekapu unapohamia mfumo endeshi mpya

Baada ya kuhamia mfumo mpya, programu ya kuandikia barua ikigoma utajua papo hapo. Programu ya bekapu, yaani ile inayotunza nakala za akiba za faili zako, ikigoma, mara nyingi hainyanyui hata mdomo: ikoni iko pale pale, ratiba inaonekana sawa, lakini kwenye diski ya nje haijaingia faili hata moja. Programu hizi husoma faili ambazo programu nyingine zimezifungua, huweka draiva zao (programu ndogo zinazounganisha mfumo na vifaa) na hufanya kazi chinichini mtumiaji akiwa hayupo. Mifumo mipya mara nyingi hubana mambo hayo hayo matatu kwa sababu za usalama. Kwa hiyo kazi ianze kabla hujagusa mfumo wenyewe.

Kabla ya kuhama

Fungua ukurasa wa watengenezaji wa programu yako, utafute mfumo unaohamia kwa jina na namba, kwa mfano macOS 15 au Windows 11 toleo la 24H2. Maneno "inafanya kazi kwenye Windows" hayatoshi. Angalia pia kama leseni uliyonunua inafika kwenye toleo jipya, na uandike namba yake mahali pengine nje ya kompyuta hiyo.

Kama toleo jipya la programu linakubali mfumo wa zamani na mpya, lisasishe ukiwa bado kwenye mfumo wa zamani. Ukihama na toleo lililopitwa, draiva yake inaweza kuzuiwa, na wakati mwingine hata kiondoa programu chake kikakataa kufunguka, ukabaki na mabaki ambayo hayaondoki wala hayafanyi kazi.

Kuna mtego hapa. Baadhi ya programu, zikipanda toleo kubwa, hubadilisha muundo wa kumbukumbu yote ya bekapu, na toleo la zamani haliwezi tena kuisoma. Ndiyo maana unahitaji diski mbili. Ya kwanza ipokee bekapu kamili kwa toleo la zamani, ikaguliwe, ichomolewe na kuwekwa kando. Ya pili ndiyo iendelee na programu mpya. Nakala ya diski ya kwanza iwe kamili kweli, si ya nyongeza (inayonakili mabadiliko tu), kwa sababu bekapu ya nyongeza hutegemea mnyororo wa zilizotangulia, na pete moja ikikatika zote zinazofuata zimekwenda.

Kukagua si kubofya kitufe cha ukaguzi peke yake. Kitufe hicho huthibitisha kwamba kilichoandikwa kinasomeka. Hakithibitishi kwamba folda uliyoihitaji ilichaguliwa. Rejesha faili chache kwenye folda tofauti na uzifungue: picha moja, waraka mmoja, na faili moja kubwa kama kumbukumbu ya barua pepe.

Ukitumia programu inayonakili diski nzima, tengeneza upya flashi ya kuwashia kompyuta kwa toleo jipya, kisha iwashe kweli na utazame kama inaiona diski ya ndani na ile ya nje. Kwenye kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel, diski ya NVMe (aina ya diski ya ndani yenye kasi) haionekani kwa sababu VMD, teknolojia ya Intel ya kusimamia diski hizo, imewashwa na flashi haina draiva yake. Pakua draiva hiyo kwa watengenezaji wa kompyuta na uiongeze wakati wa kutengeneza flashi. Usikimbilie kuizima VMD: Windows iliyosakinishwa wakati VMD imewashwa inaweza isiwake tena.

Jambo la mwisho kabla ya kuhama ni ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), wenye tarakimu 48. Uchapishe kwenye karatasi. Usiseme kwamba hukuwahi kuwasha usimbaji. Windows 11 toleo la 24H2, likisakinishwa upya na kuingiwa kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida husimba diski lenyewe na kupeleka ufunguo kwenye akaunti hiyo.

Kwenye macOS

Hapa tatizo kubwa ni ruhusa. Tangu Mojave, toleo la macOS la 2018, programu haiwezi kusoma barua pepe, ujumbe na data za Safari mpaka uipe ruhusa inayoitwa "Full Disk Access" kwenye mipangilio ya faragha na usalama. Bila ruhusa hiyo, baadhi ya programu huziruka folda hizo na kuandika kwamba bekapu imefaulu. Linganisha ukubwa wa folda ya Mail iliyo ndani ya Library yako na ile iliyo kwenye bekapu. Ikiwa ya bekapu ni tupu au haipo, umepata jibu.

Baada ya kuhama, swichi inaweza kuonekana imewashwa na bado isifanye kazi. Iondoe programu kwenye orodha kwa alama ya kutoa, iongeze upya, kisha uifunge kabisa na kuifungua tena. Tangu Ventura ya 2022 kuna pia orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kufanya kazi chinichini. Programu ikizimwa hapo, ratiba yake haitaanza.

Catalina ya 2019 iliacha kabisa programu za biti 32 na ikautenga mfumo kwenye sehemu isiyoandikika. Big Sur ya 2020 ikaifunga sehemu hiyo kwa saini. Kwa hiyo achana na mazoea ya kutengeneza nakala ya diski inayoweza kuwasha kompyuta. Nakili data yako. Siku ya shida sakinisha macOS upya, kisha uhamishe data kwa programu ya uhamishaji iliyo ndani yake. Programu hiyo haipokei bekapu ya macOS mpya kwenye macOS ya zamani, na hii ni sababu nyingine ya kutoigusa ile diski ya kwanza.

Time Machine, programu ya bekapu ya macOS yenyewe, husasishwa pamoja na mfumo. Diski yake ya zamani yenye muundo wa HFS+ huendelea kutumika, ila ukianza na diski mpya tumia muundo mpya wa APFS, na iwe na angalau mara mbili ya ukubwa wa diski ya Mac.

Kwenye Windows

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika vssadmin list writers. Hii ni orodha ya sehemu za mfumo zinazosaidia kunakili faili zilizofunguliwa. Kila moja inapaswa kuonyesha hali tulivu, bila kosa. Ukiona kosa, washa kompyuta upya kwanza. Mara nyingi hilo linatosha. Likibaki, angalia kama programu mbili za bekapu zinaendeshwa kwa wakati mmoja, uondoe moja.

Bekapu ikienda kwenye hifadhi iliyounganishwa na mtandao wa nyumbani au ofisini, Windows 11 Pro ya 24H2 inaleta mabadiliko mawili: inadai mawasiliano ya SMB (njia ya Windows ya kushirikiana faili mtandaoni) yatiwe saini, na hairuhusu kuingia kama mgeni bila nywila. Hifadhi iliyokuwa wazi kwa kila mtu itaonekana imekufa. Tengeneza mtumiaji mwenye nywila kwenye hifadhi hiyo, sasisha programu yake ya ndani, kisha uandike jina na nywila upya kwenye kazi ya bekapu. Kuzima ulinzi huo ni njia ya mkato mbaya.

Folda ya Windows.old iondoe kwenye orodha ya vitu vya kunakiliwa, maana itakula nafasi bure. Inakuwezesha kurudi kwenye Windows ya awali kwa siku 10. Ukitaka muda zaidi, kabla siku hizo hazijaisha tumia amri DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30. Hiyo si bekapu: iko kwenye diski ile ile.

Nje ya Windows, kwenye Ubuntu (aina ya Linux), kupanda toleo huzima hazina za nje ya mfumo, yaani vyanzo vya programu ulivyoongeza mwenyewe. Kama programu yako ya bekapu ilitoka huko, iwashe hazina hiyo tena, la sivyo haitapata masasisho. Na kama uliisakinisha kwa pip, kisakinishi cha programu za lugha ya Python, isakinishe upya, kwa kuwa toleo la Python limebadilika.

Bekapu ya kwanza

Itachukua muda mrefu. Faili nyingi za mfumo zimebadilika, na programu nyingine huiona diski kama ngeni na kuanza na nakala kamili. Hakikisha kuna nafasi, chomeka umeme, na uzuie kompyuta isilale. Ikimaliza, soma kumbukumbu ya kazi, hasa mistari ya faili zilizorukwa, kisha rudia lile jaribio la kurejesha faili chache. Diski ya kwanza usiifute mpaka bekapu za ratiba zimejiendesha zenyewe kwa mwezi mzima na umerejesha faili kutoka kwenye mojawapo.