Ukikosa kitabu kwenye katalogi ya maktaba, badilisha neno

Jamani, msikate tamaa mapema mnapotafuta vitabu vya Kiswahili kwenye katalogi za mtandaoni. Mara nyingi kitabu kipo, ila kimeandikishwa kwa tahajia nyingine. Mfano mzuri ni tenzi. Lamu na Pate husema utendi, wengine utenzi, na katalogi haijui kuwa ni kitu kimoja. Andika hivi: utenzi OR utendi OR tenzi OR tendi, hiyo OR (yaani “au”) kwa herufi kubwa. Katalogi nyingi zitakuletea zote kwa mpigo. Kwa maktaba za Ujerumani jaribu pia Suaheli, jina la Kiswahili kwa Kijerumani.

Ila mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii: ukipata kitabu kimoja tu kinachokufaa, fungua maelezo yake kamili, shuka hadi kwenye mada. Utakuta kiungo kama Swahili poetry. Kibofye, na ndugu zake wote watajitokeza, hata wale ambao majina yao hayana neno utenzi.

Tazama pia namba ya rafu. Kwa mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, fasihi ya Kiswahili iko 896.392, lugha yenyewe 496.392.