Fildi kwenye kampuni ya uhusiano wa umma: anzia kwenye magazeti

Nimesimamia wanafunzi wengi wa fildi katika ofisi za uhusiano wa umma Dar es Salaam. Wanaoondoka na ujuzi ni wale waliowajua waandishi wa habari mapema, hata kama hawakuwahi kugusa kampeni kubwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kazi za asubuhi na za simu.

Hatua ya 1: Kabla ya kuripoti

Peleka barua ya utambulisho ya chuo mapema, ukiambatanisha kurasa mbili za maandishi yako, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Uliza wateja wa ofisi ni akina nani, uwasome.

Hatua ya 2: Soma magazeti kabla ya wote

Utapewa kufuatilia habari, na wengi huiona ni kazi ya kumshughulisha mgeni. Mimi naiona ndiyo shule yenyewe. Pitia Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, The Citizen na Daily News, kisha redio na mitandao. Tafuta jina la mteja, la washindani wake, na habari za sekta yake. Mteja akiwa muuza mafuta, ujue kwamba bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Siku hiyo waandishi watampigia, na ofisi inatakiwa iwe na majibu tayari.

Kwa kila habari andika gazeti, ukurasa, kichwa, nani kanukuliwa, mteja kasemwaje, na jina la mwandishi. Hilo la mwisho usiliache kamwe. Ukiendelea hivyo kwa majuma machache utakuwa na orodha yako: nani anaandika za benki, nani za madini, nani za afya. Orodha ya namna hiyo hainunuliki.

Hatua ya 3: Andika taarifa kwa vyombo vya habari

Omba kuandika rasimu, hata kama mwingine ataiandika upya. Tuseme benki inafungua tawi Ifakara. Rasimu dhaifu huanza hivi: “Benki inayoongoza kwa ubora nchini ina furaha kubwa kuwatangazia wateja wake...” Mhariri haendelei. Jaribu hivi: “Wakulima wa mpunga Ifakara sasa watachukua malipo yao bila kusafiri hadi Morogoro mjini.” Benki itatajwa sentensi ya pili, na habari itakuwa imeshapata mlango.

Toleo la Kiswahili liandike upya kuanzia mwanzo, usitafsiri la Kiingereza. Msomaji huihisi tafsiri papo hapo. Halafu subiri idhini ya mteja kwa maandishi; bila hiyo, hakuna kitu kinachotoka ofisini, hata picha moja.

Hatua ya 4: Piga simu chumba cha habari

Piga asubuhi baada ya kikao chao. Jioni wanafunga kurasa, usiwasumbue. Sema kwa ufupi:

“Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu. Naitwa fulani, napiga kutoka kampuni fulani kwa niaba ya benki fulani. Tumekutumia taarifa kuhusu malipo ya wakulima wa mpunga Ifakara. Kuna mkulima aliye tayari kuongea nawe leo, nikupe namba yake?”

Mpe kitu cha kumsaidia kuandika. Swali la “mtaitoa lini?” linachosha. Na namba ya mkulima itoe tu ikiwa mwenyewe ameridhia.

Hatua ya 5: Siku ya mkutano na waandishi

Fika mapema, kagua vipaza sauti, bango, majina na vyeo vya wasemaji. Cheo kikikosewa gazetini, lawama hurudi kwenu. Kuhusu bahasha za “nauli” kwa waandishi, msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi asizigawe. Mwambie msimamizi wako kwa heshima kwamba ungependa kazi nyingine siku hiyo. Habari iliyolipiwa humdhalilisha aliyeiandika na aliyeilipia.

Hatua ya 6: Ripoti kwa mteja

Ofisi kadhaa bado hupima sentimita za habari gazetini na kuzizidisha kwa bei ya tangazo, ili kuonyesha thamani ya habari hiyo kwa fedha. Wataalamu waliokutana Barcelona mwaka 2010 walikataa kipimo hicho. Jifunze kukitengeneza ukiombwa, lakini ongeza ukurasa unaoeleza ujumbe gani wa mteja umefika, kwa nani, na watu walifanya nini baadaye.

Hatua ya 7: Kabla ya kuaga

Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila jioni na kisainiwe kila wiki. Msimamizi akisafiri mwishoni utahangaika. Omba ruhusa ya kubaki na nakala za kazi zilizokwisha kuchapishwa. Rasimu, mipango na namba za simu za wateja ziache ofisini.