Kupima mpango wa Nelson kwenye lahajedwali

Mwongozo huu ni wa vilabu vya historia na hesabu, iwe Nakuru au Kisumu. Kompyuta moja ya saiba inatosha. Kanuni tutakayotumia kukadiria hasara za vita ni ya Mwingereza Frederick Lanchester, ya 1914: wanaofyatuliana wakionana, hasara ya upande mmoja hutegemea idadi ya wapigaji wa upande wa pili. Ndiyo maana nguvu hupimwa kwa mraba wa idadi.

Tuanze na mpango wa Nelson, amirali wa Uingereza, kabla ya vita vya baharini vya Trafalgar, 1805, ambamo alitarajia meli zake 40 zikabili 46 za Ufaransa na Hispania.

1. Andika 40 kwenye B2 na 46 kwenye C2. E1 iwe 0.1 (kasi ya kuangushana), E2 iwe 0.1 (urefu wa hatua ya muda).

2. Kwenye B3: =MAX(0,B2-$E$1*$E$2*C2)
Kwenye C3: =MAX(0,C2-$E$1*$E$2*B2)
Buruta zote hadi mstari wa 250. Ukisahau alama za $, fomula itasoma seli tupu na hasara itakuwa sifuri. Fomula ya C3 isome B2, si B3. Ukikosea hapo, upande wa C unapigwa na adui ambaye tayari amepungua, yaani umeupendelea.

3. Hakiki kwa mkono. 46² − 40² = 516, na kipeuo chake cha pili ni 22.7, yaani meli za adui zitakazobaki. Jedwali lako litaonyesha takriban 22.6. Sasa weka E2 iwe 5: jibu linaporomoka hadi 15.5, kwa sababu hatua ni ndefu mno. Ondoa MAX pia, uone meli hasi zikimwongezea adui: 17.9 kwenye mstari wa 6, kisha anazidi kupanda! Rudisha vyote.

4. Gawa vikosi kama Nelson: meli zake 32 zikabili 23 za nyuma za adui, 8 zizuie 23 za mbele. Nyuma, Nelson anabakiza takriban 22.2; mbele, adui anabakiza takriban 21.6. Wakutanishe: Nelson anashinda na meli 5 hivi. Idadi ni ileile, mpangilio ndio uliobadilika.

Usiihamishe fomula hii moja kwa moja kwenye vita vya Wanandi, 1895 hadi 1905. Anayevizia msituni hapigwi kwa kulengwa, hupigwa kwa kubahatisha. Akiwa upande wa C, hasara yake zidisha kwa idadi yake pia (*C2), na kasi ya kuangushwa kwake iwe na seli yake, E3, ndogo sana, kama 0.001, la sivyo anaisha mara moja. Hata hivyo, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa 19 Oktoba 1905 akiwa amekuja kwenye mazungumzo ya amani. Hilo liandike pembeni ya jedwali, kwa maneno.