Ubuntu imejaa, Windows ina nafasi ya bure: namna ya kugawa diski upya

Laptopu nyingi za used tunazochukua Kariakoo, zile zenye SSD ya GB 256, zinakuja na Windows tayari, sasa mtu akitaka kuonja Linux anaikatia Ubuntu (aina moja ya Linux) GB 30 kwa uoga, haipiti muda inaanza kulalamika nafasi imeisha, programu haziingii, apdeti zinagoma. Ukiipeleka kwa fundi jibu ni lile lile, tufute zote tupige upya. Hakuna haja hiyo. Nafasi unayo, ila imekaa upande wa Windows, na kuitoa huko inataka utulivu tu na kujua kipi kinaanza.

Kabla ya yote hakikisha shida ni ukubwa wa patisheni (kipande cha diski kilichotengwa) kweli. Fungua terminali uandike:

df -h
lsblk -f

Ya kwanza inakuonyesha kila patisheni imejaa kiasi gani. Kama / (patisheni kuu ya Ubuntu) iko asilimia 95 na kuendelea, safisha kwanza: sudo apt clean inafuta vifurushi vya usakinishaji vilivyobaki, na sudo journalctl --vacuum-size=200M inapunguza logi za zamani, saa nyingine hapo hapo unapumua na huna haja ya kusoma mbele. Ya pili inakuonyesha nani ni nani: ntfs ni Windows, ext4 ni Ubuntu, na ile vfat ndogo ndiyo EFI inayowashia mashine, hiyo usiiguse hata kidogo. Andika majina pembeni, maana kwenye SSD za kisasa patisheni inaitwa nvme0n1p5 na sio sda5, na mtu akikopi komandi kichwa kichwa ndio anafuta kitu kingine.

Bakapu. Najua unataka kuruka hii. Picha, kazi za chuo, hesabu za duka, vyote vihamie kwenye diski ya nje kwanza, na iwe diski nyingine kabisa, sio patisheni nyingine ya diski hiyo hiyo. Halafu hifadhi na ramani ya patisheni:

sudo sfdisk -d /dev/sda > ramani.txt

Hilo faili liweke kwenye flashi. Halibebi data zako, linabeba tu kila patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi, ila siku jedwali la patisheni likiharibika utashukuru.

Sasa ingia Windows, maana NTFS ni salama zaidi ukiipunguza ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Vitu viwili kwanza. Kimoja ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, mashine nyingi zilizotoka maofisini zinakuwa nayo, fungua cmd kama admini uandike manage-bde -status, ikiwa imewashwa hakikisha unayo ile namba ndefu ya kufungulia kabla hujagusa chochote. Cha pili, zima haibaneti (ule usingizi mzito wa Windows) kwa powercfg /h off. Hii watu wanaipuuza sana, ila Windows ukiizima kawaida haizimiki yote, inalala nusu, na NTFS inabaki kwenye hali ambayo Linux itaikatalia kuandika.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc, rait kliki kwenye C chagua "Shrink Volume". Inataka namba kwa MB, kwa hiyo GB 60 ni 61440. Ikikwambia inaweza kutoa GB 5 tu wakati C ina GB 100 tupu usishangae, kuna mafaili Windows haiyasogezi yamekaa mwishoni mwa patisheni, zima kwa muda "System Protection" na faili la kumbukumbu pepe, restati, jaribu tena. Hiyo nafasi iliyotoka iache tupu hivyo hivyo, usiifomati huko Windows.

Rudi Ubuntu, sakinisha GParted, programu ya kugawa diski (sudo apt install gparted), uifungue utazame mchoro wa juu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Patisheni ni kama viwanja, huwezi kuongeza chako kama eneo tupu halipakani nawe. Na namba zisikudanganye, sda5 inaweza kuwa imekaa kabla ya sda4 kwenye diski, angalia mchoro.

Nafasi tupu ikiwa kulia kwa Ubuntu, una bahati, kazi ni ya dakika na hata hauzimi mashine, kwa sababu ext4 inakubali kukuzwa ikiwa inatumika (hapa Ubuntu ni sda5, wewe weka jina lako):

sudo apt install cloud-guest-utils
sudo growpart /dev/sda 5
sudo resize2fs /dev/sda5

Angalia growpart inataka nafasi kati ya diski na namba, resize2fs haitaki. Ukikuza unaanza na patisheni halafu mfumo wa mafaili, ukipunguza ni kinyume chake, na kupunguza ext4 ya / lazima uwashe kwa flashi. Ukikosea mpangilio wakati wa kupunguza unakata mkia wa data zako. GParted inafuata mpangilio huo yenyewe, ndio maana mimi kupunguza kwa komandi sipendi.

Ila kwa waliotoa nafasi kutoka C, mara nyingi tupu inatokea kushoto. GParted inaweza kuisogeza Ubuntu kuja kushoto, unawasha na GParted Live, yaani GParted inayowakia kwenye flashi (faili lake halifiki GB 1, bando halitakulilia kama la ISO ya Ubuntu nzima), unachagua "Resize/Move", unavuta, unabonyeza "Apply". Tatizo ni kwamba kusogeza maana yake inakopi data zote upya kutoka mwanzo, inaweza kula saa nzima au zaidi, na umeme ukikatika katikati patisheni inabaki vipande. Na betri za hizi used tunazijua, zinaandika asilimia 60 halafu zinazima ghafla. Kama huna yu-pi-es usijaribu.

Ushauri wangu, usisogeze. Tengeneza patisheni mpya hapo hapo kwenye tupu, uhamishie vitu vizito huko. Kwenye GParted rait kliki eneo tupu, "New", chagua ext4, lebo andika data, "Apply". Ikikataa ikisema patisheni kuu zimetimia 4, diski yako inatumia jedwali la patisheni la zamani, MBR, lile jipya la GPT halina kikwazo hicho. Kisha (hapa patisheni mpya ni sda6):

sudo blkid /dev/sda6
sudo mkdir /data
sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani
sudo nano /etc/fstab

Hilo fstab ndilo faili linaloiambia Ubuntu ifungue patisheni zipi ikiwaka. Mwishoni ongeza mstari huu, UUID (utambulisho wa patisheni) weka ile uliyoipata kwa blkid:

UUID=weka-yako-hapa /data ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail usiliache, bila hilo ukikosea herufi moja mashine inaweza kukwama wakati wa kuwaka. Usirestati kwanza, jaribu:

sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a
sudo chown $USER: /data

Kukiwa kimya bila malalamiko, imekubali. Hamishia muvi, mashine pepe, madaunilodi, na / itapumua. Na kwa kuwa ext4 inatenga asilimia 5 kwa ajili ya ruti (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwenye GB 60 ni kama GB 3 zimekaa bure, patisheni ya data haizihitaji, zirudishe kwa sudo tune2fs -m 0 /dev/sda6. Kwenye / usifanye hivyo, pale zina kazi.

Ikitokea patisheni imepotea kabisa kwenye orodha, usifomati na usiandike kitu chochote kwenye hiyo diski. Washa na flashi, fungua testdisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, iache itafute, mara nyingi data bado zipo na kilichofutika ni jedwali tu, au rudisha ile ramani.txt kwa sfdisk.